Komuni ya Lom, Norwei: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza kuhusu Lom ni wa aina mbili. Wapo wanaokwenda kupanda mlima mrefu kuliko yote Norwei na kujikuta wanalala Lom. Wapo pia wenzetu wanaoishi Norwei, au wanaongoja kupelekwa huko, wanaotaka kujua maisha yakoje katika komuni ndogo ya milimani, mbali na Oslo. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kumalizia na yale yanayomkuta mtu mara chache.

## Mambo ya msingi

Lom iko wapi?

Iko kusini mwa Norwei, bara, katika mkoa wa Innlandet. Ukitoka Oslo unapanda na bonde la Gudbrandsdalen kuelekea kaskazini hadi mji mdogo wa Otta. Hapo unakata kushoto kufuata barabara nambari 15, unapita Vågå, na baada ya kilomita sitini hivi unaingia Fossbergom, kijiji chenye ofisi za komuni. Mto Bøvra unashuka hapo kwa kishindo kutoka milima ya Jotunheimen na kukatiza katikati ya kijiji. Jirani wa magharibi ni Skjåk, wa mashariki ni Vågå, na ng'ambo ya milima upande wa kusini-magharibi ni Luster.

Ukikuta ramani ya zamani inayosema mkoa wa Oppland, haijakosea kwa wakati wake. Oppland na Hedmark ziliunganishwa tarehe 1 Januari 2020 zikawa Innlandet.

Ina watu wangapi na ukubwa gani?

Watu ni kama 2,200 tu, na eneo ni karibu kilomita za mraba 1,970. Ukigawanya unapata mtu mmoja na kidogo kwa kila kilomita ya mraba, lakini hesabu hiyo haikuonyeshi jinsi watu wanavyoishi. Karibu wote wamo kwenye vipande vyembamba vya ardhi chini mabondeni: Fossbergom kwenyewe, Garmo upande wa mashariki, na Bøverdalen upande wa kusini-magharibi. Juu yao ni mawe, theluji na barafuto, yaani mito mikubwa ya barafu isiyoyeyuka. Fossbergom haifiki mita 400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Galdhøpiggen, mlima huo mrefu kuliko yote Norwei, kilicho ndani ya komuni hiyohiyo, kiko mita 2,469.

Komuni ni kitu gani hasa?

Ni ngazi ya serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi. Juu yake kuna mkoa, na juu ya mkoa kuna taifa. Sheria zilizoanzisha mfumo huu zilipitishwa mwaka 1837, na Lom ikawa komuni mwaka uliofuata. Wakati huo Skjåk ilikuwa ndani yake. Ilijitenga mwaka 1866. Tangu mwanzo wa 2024 Norwei ina komuni 357 na mikoa 15.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba sheria haipangi komuni kwa madaraja. Lom yenye watu 2,200 ina wajibu uleule kwa mkazi wake kama miji mikubwa ya nchi: shule, daktari, matunzo ya wazee. Binafsi naona hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu anayetaka kuielewa Norwei ya vijijini.

## Utawala na fedha

Nani anaongoza Lom?

Baraza la komuni, linalochaguliwa kila baada ya miaka minne, mwezi Septemba. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa 2023 na unaofuata ni 2027. Baraza humchagua meya kutoka miongoni mwa wajumbe wake. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa mkurugenzi, ambaye ni mwajiriwa na hachaguliwi kwa kura. Wajumbe wengi wana kazi zao nyingine, kwa hiyo mkulima anayekamua ng'ombe asubuhi anaweza jioni kuwa anapitia bajeti ya shule.

Vikao vya baraza viko wazi kwa yeyote. Nyaraka nazo, isipokuwa zile zenye siri za watu binafsi, mtu yeyote anaweza kuziomba bila kueleza anazitakia nini. Tumia haki hiyo. Katika sehemu ndogo kama hii, barua moja ya mwananchi husomwa na mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Kazi za komuni ni zipi, na zipi si zake?

Komuni ina shule za msingi na za kati (darasa la 1 hadi la 10), chekechea, madaktari wa kawaida, wauguzi wa majumbani, nyumba za wazee, ustawi wa jamii, maji safi na maji taka, zimamoto, barabara ndogo, na mipango ya ardhi. Ukitaka kujenga hata banda kubwa, unaanzia kwao.

Mkoa una shule za sekondari ya juu, mabasi, huduma ya meno na barabara za mkoa. Taifa lina hospitali, polisi na vyuo vikuu. Ofisi ya NAV, anakokwenda mtu aliyekosa kazi au fedha za kujikimu, inaendeshwa na taifa na komuni kwa pamoja. Kujua mgawanyo huu kunakuokoa na kuzungushwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Watu 2,200 wanamudu vipi kulipia yote hayo?

Hawalipi peke yao. Sehemu ya kodi ya mapato ya wakazi hubaki kwenye komuni, zipo ada za maji na taka, kisha serikali kuu inatoa ruzuku. Ruzuku hiyo ina hesabu ya kusawazisha: komuni yenye mapato makubwa ya kodi hupunguziwa, na yenye gharama kubwa zisizoepukika huongezewa. Udogo wenyewe ni gharama, na umbali pia. Kumpeleka mtoto mmoja shule kutoka ndani ya Bøverdalen ni ghali kuliko kuwapeleka kumi mjini.

Wapo Wanorwei wanaolalamika kwamba vijiji vinakula fedha za miji. Mimi siungi mkono hoja hiyo. Maziwa, nyama, umeme wa maji na milima wanayoikimbilia watu wa Oslo kila likizo vinatoka huko, na mtoto wa Garmo hakuchagua kuzaliwa mbali na mji.

Kwa nini Lom haikuunganishwa na majirani zake?

Serikali ilianzisha mageuzi ya komuni mwaka 2014 kwa lengo la kuziunganisha. Wakati huo zilikuwa 428. Kufikia 1 Januari 2020 zilibaki 356. Lom, Skjåk na Vågå zote zilibaki zenyewe. Badala ya kuungana, komuni sita za kaskazini mwa Gudbrandsdalen (Dovre, Lesja, Skjåk, Lom, Vågå na Sel) hushirikiana katika huduma ambazo moja peke yake ingezishindwa, kama taka na baadhi ya huduma za afya.

Upungufu mkubwa wa Lom leo ni watu, kuliko fedha. Idadi imekuwa ikipungua, vijana wanaondoka kwenda kusoma na si wote wanaorudi. Ndiyo maana familia moja inayohamia na watoto wawili ni habari kijijini. Tazama pia sehemu ya kuhamia na kuishi.

## Maji, ardhi na kilimo

Kuna barafu kila upande. Kwa nini wakulima wanalia ukame?

Kwa sababu mawingu ya bahari ya Atlantiki yanamwaga mvua yake upande wa magharibi wa milima kabla hayajafika Lom. Bergen, pwani, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Chini ya bonde la Lom na Skjåk ni kama 300. Mwezi Mei na Juni, mimea inapohitaji maji zaidi, anga ni kavu na jua halizami hadi usiku. Bila maji ya kupelekwa shambani, nyasi zinageuka manjano kabla ya kukatwa.

Walimwagilia vipi kabla ya mabomba?

Kwa mifereji. Walichimba njia za maji kutoka vijito na maziwa ya juu milimani, wakazivusha kwenye miamba kwa mabirika marefu ya mbao, zikashuka kilomita nyingi hadi mashambani. Mtu aliyewahi kuona mifongo ya Wachagga ataelewa mara moja: theluji ya mlimani inalisha bonde kavu, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Zamu hizo zilikuwa sheria. Kumkatia jirani maji kabla ya saa yake kulikuwa kosa zito.

Maji yakifika shambani yaliingia kwenye mitaro midogo. Mkulima alisimama kando na koleo la mbao lenye mpini mrefu, akayachota na kuyarusha juu ya mimea, hatua kwa hatua, hadi shamba lote limelowa. Kazi hiyo walifanya wanaume, wanawake na watoto, siku nzima, wiki baada ya wiki. Ukiitazama nembo ya komuni, iliyoidhinishwa mwaka 1987, utaona makoleo matatu ya namna hiyo. Wangeweza kuweka kanisa lao mashuhuri au mlima mrefu kuliko yote nchini. Walichagua makoleo, na nadhani walichagua vizuri.

Siku hizi maji yanapita kwenye mabomba na kurushwa na vinyunyizio, lakini chanzo ni kilekile.

Wanalima na kufuga nini?

Zao kuu ni nyasi za kulisha mifugo wakati wa baridi. Wanafuga ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kondoo, na wanalima viazi na shayiri kidogo. Kiangazi mifugo hupandishwa kwenye malisho ya milimani, ambako familia nyingi zina vibanda vya zamani vya kuchungia na kutengenezea jibini. Baadhi ya vibanda bado vinafanya kazi hiyo. Vingine vimekuwa nyumba za mapumziko.

Lom pia ina kundi la kulungu wa nchi za baridi wanaofugwa. Sehemu kubwa ya ufugaji wa kulungu hao Norwei ni ya Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini. Lom na jirani zake wachache ni miongoni mwa sehemu za kusini ambako wakulima wa kawaida wanamiliki kundi kwa ushirika.

Mgeni anaweza kununua shamba?

Anaweza, ila si kama kununua kiwanja. Shamba lenye zaidi ya dekari 35 za ardhi iliyolimwa (hapo dekari ni mita za mraba 1,000), au zaidi ya dekari 100 kwa jumla, lina masharti: mnunuzi aliye nje ya familia anaomba kibali cha komuni, na kwa kawaida lazima ahamie ndani ya mwaka mmoja na akae angalau miaka mitano. Lengo ni kwamba shamba liwe na watu, lisigeuke nyumba ya likizo ya tajiri wa mjini.

Kuna pia haki ya kale ya ukoo. Mtoto wa kwanza ana haki ya kulitwaa shamba la wazazi, na likiuzwa nje, ndugu wenye haki hiyo wanaweza kulidai kwa muda maalumu. Zamani mvulana alimtangulia dada yake. Sheria ya mwaka 1974 iliondoa ubaguzi huo, kwa watoto waliozaliwa kuanzia 1965. Kabla ya kulipa hata senti, uliza kama kuna mwenye haki ya ukoo.

## Historia

Kanisa la mbao lina umri gani, na bado linatumika?

Miti yake ya zamani zaidi ilikatwa mwishoni mwa miaka ya 1150, kwa hiyo limesimama kwa zaidi ya miaka 850. Ni kanisa la nguzo za mbao, la aina ambayo zamani ilikuwa na mamia ya majengo Norwei na sasa yamebaki 28 hivi. Katika miaka ya 1660 lilipanuliwa likawa na umbo la msalaba, maana waumini walishalizidi. Ndiyo, linatumika: ubatizo, ndoa na mazishi hufanyika humo. Kukiwa na ibada, watalii husubiri nje.

Mwaka 1973 sakafu ilipofumuliwa, wachunguzi walikuta sarafu nyingi zilizodondokea kwenye nyufa kwa karne kadhaa, pamoja na kijiti kilichochongwa maandishi ya runi, herufi za kale za Skandinavia. Ni barua ya posa ya Zama za Kati. Mwanamume aitwaye Håvard anamsalimu mwanamke kwa jina la Mungu, anamwambia nia yake yote ni kumposa kama hataki kuwa na Kolbein, kisha anamwomba aifikirie ndoa hiyo. Barua iliishiaje chini ya sakafu ya kanisa, hakuna ajuaye. Nimeona vitu vingi vya makumbusho vinavyosifiwa kuliko hiki na havinigusi nusu yake.

Ukristo ulifika lini?

Kwa upanga. Masimulizi ya wafalme wa kale yanasema Mfalme Olav Haraldsson alifika Lom mwaka 1021, akawaambia wakulima wachague: wabatizwe, wapigane naye, au nyumba zao zichomwe. Inasimuliwa kwamba alipolitazama bonde alisema ni masikitiko kuchoma makazi mazuri kama yale. Wengi wakabatizwa. Mkulima mmoja wa Garmo alipewa haki ya uvuvi katika ziwa Tesse kwa ahadi ya kujenga kanisa. Kanisa la Garmo lililopo sasa lilihamishiwa makumbusho ya Maihaugen, Lillehammer, kwa hiyo ukilitafuta Garmo hulioni.

Ni kweli barafu inayeyuka na kutoa vitu vya kale?

Ni kweli, na Lom ni moja ya sehemu muhimu zaidi duniani kwa jambo hili. Barafuto kubwa hutembea na kusaga kila kitu. Mabaka madogo ya barafu yasiyosogea ni tofauti: huhifadhi kilichoanguka kama kilivyokuwa. Joto linavyopanda, mabaka hayo yanapungua na vitu vinajitokeza ukingoni.

Lendbreen, katika milima ya Lom, ndiyo mahali mashuhuri. Mwaka 2011 lilipatikana hapo joho la sufu la kati ya mwaka 230 na 390 hivi, vazi kongwe kamili kupatikana Norwei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Lendbreen ilikuwa njia ya kuvukia milima kuanzia karibu mwaka 300 hadi karibu 1500, ikiwa na msongamano mkubwa zaidi kama mwaka 1000. Vimepatikana viatu vya farasi, vipande vya sileji (vyombo vya kuburutwa kwenye theluji), samadi ya wanyama, fimbo za kutembelea. Watu walipitisha mifugo na siagi yao juu ya barafu hiyo kwa miaka zaidi ya elfu moja, kisha njia ikasahaulika kabisa.

Furaha ya wanaakiolojia hapa ina uchungu ndani yake. Kila kitu kinachopatikana kina maana barafu iliyokilinda haipo tena, na ngozi au sufu ikishapigwa na hewa huoza kwa miaka michache. Kwenye baka la Juvfonne kuna njia iliyochimbwa ndani ya barafu ambayo wageni hutembezwa. Barafu ya chini kabisa hapo ina umri wa miaka zaidi ya 7,000.

Ukiokota kitu mwenyewe, soma sehemu ya mwisho kwanza.

Knut Hamsun alizaliwa Lom?

Ndiyo, huko Garmo, tarehe 4 Agosti 1859, kwa jina la Knud Pedersen. Familia ilihamia Hamarøy, kaskazini, akiwa na miaka mitatu hivi, na jina la Hamsun linatokana na shamba la huko. Alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwaunga mkono Wanazi, na Wanorwei hawajamsamehe wala kuacha kumsoma. Lom inao pia washairi wawili wanaopendwa bila mgogoro huo: Olav Aukrust na Tor Jonsson.

## Kufika na kutembea

Nafikaje bila gari?

Panda treni ya reli ya Dovre kutoka Oslo hadi Otta, kisha basi. Yapo pia mabasi ya masafa marefu kutoka Oslo yanayopita Lom kuelekea pwani ya magharibi. Kwa jumla ni safari ya kama saa tano au sita. Angalia ratiba kabla ya kutoka, hasa Jumapili na sikukuu, maana basi likikuacha jioni unaweza kungoja hadi kesho.

Kupanda Galdhøpiggen kunahitaji kiongozi?

Inategemea njia. Ukianzia Juvasshytta, iliyo mita zaidi ya 1,800, njia ni fupi lakini inakatiza barafuto ya Styggebrean yenye mipasuko iliyofunikwa na theluji. Hapo ni lazima ufungwe kamba pamoja na wenzako nyuma ya kiongozi, na viongozi huondoka kila siku kiangazi. Ukianzia Spiterstulen huvuki barafuto, kwa hiyo mtu mwenye nguvu na vifaa anaweza kwenda bila kiongozi, ila anapanda karibu mita 1,400 na kushuka zote siku hiyohiyo.

Usidanganywe na namba 2,469. Kilele kiko kaskazini sana, na upepo na theluji vinaweza kukukuta Julai. Viatu vya michezo havifai.

Barabara ya Sognefjellet iko wazi lini?

Kwa kawaida kuanzia mwanzo wa Mei hadi Novemba hivi, kutegemea theluji. Ni barabara nambari 55 kutoka Lom kwenda Luster, inayofika mita 1,434, na ilifunguliwa mwaka 1938 baada ya kujengwa na vijana waliokosa ajira. Mwezi Mei kuta za theluji pembeni zinaweza kupita kimo cha basi. Ikifungwa, barabara nambari 15 kwenda Stryn ndiyo njia ya magharibi.

Naweza kupiga hema popote?

Karibu. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu, raia na mgeni, haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ya mtu binafsi. Kaa angalau mita 150 kutoka nyumba yenye watu, usiingie mashamba wala nyasi ambazo hazijakatwa, na uondoke na taka zako. Lom ina sehemu za hifadhi tatu za taifa (Jotunheimen ya 1980, Reinheimen ya 2006 na Breheimen ya 2009), na kila moja ina kanuni zake za ziada.

## Kuhamia na kuishi

Kazi zipo?

Zipo kwa msimu, na zipo za kudumu kwa wenye ujuzi. Kiangazi hoteli, nyumba za wageni za milimani na mikahawa hutafuta watu. Mwaka mzima komuni, ambayo ni miongoni mwa waajiri wakubwa, inahitaji wauguzi, wasaidizi wa wazee na walimu. Mtu wa kutoka nje ya Ulaya anahitaji kibali cha UDI, idara ya taifa ya uhamiaji, kabla ya kuanza kazi, hata ya msimu. Anayekuuliza fedha ili "akutafutie nafasi" Norwei ni tapeli.

Mkimbizi anaweza kupangiwa komuni ndogo kama hii?

Ndiyo, na hutokea sana. Kila mwaka IMDi, idara ya taifa ya ujumuishaji, huziomba komuni zipokee idadi fulani, na baraza la kila komuni ndilo linaloamua. Wakongo wengi waliopelekwa Norwei na Umoja wa Mataifa, baadhi wakitokea kambi za Uganda, wameanza maisha kwenye vijiji ambavyo hawakuwahi kuvisikia.

Sheria ya ujumuishaji ya mwaka 2021 inampa mkimbizi wa miaka 18 hadi 55 programu ya utangulizi yenye masomo ya lugha na maandalizi ya kazi, pamoja na posho. Ukihama kwa uamuzi wako bila makubaliano na komuni unakokwenda, unaweza kupoteza programu hiyo na posho yake. Wengi hukimbilia Oslo walipo ndugu, kisha wakakwama. Maliza programu kwanza.

Lugha ikoje?

Kinorwei kina namna mbili za kuandikwa, nynorsk na bokmål. Komuni inaandika nynorsk, na watu wanaongea lahaja yao ya bondeni. Aliyejifunza kwa vitabu vya bokmål atapata shida miezi ya kwanza. Usione aibu kusema hujaelewa. Watoto wako watakuwa wanaongea kama wenyeji kabla hujamaliza kozi.

Nikiugua?

Kila mkazi ana daktari wake aliyeandikishwa kwenye komuni. Usiku na mwishoni mwa wiki piga 116 117. Kwa jambo la kufa na kupona piga 113. Hospitali ya Lillehammer iko mbali, zaidi ya saa mbili kwa gari, na kwa dharura huletwa helikopta. Mjamzito azungumze na mkunga mapema kuhusu safari ya kujifungua, hasa wa miezi ya baridi.

Giza na upweke, watu wanavumiliaje?

Desemba mchana ni wa kama saa tano, na pale milima inapokinga jua linaweza lisionekane kabisa kwa wiki kadhaa. Usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za baridi. Nguo za sufu ndani, taa nyumbani, na kutoka nje kila siku: hayo wenyeji wote watakuambia.

Upweke ni mgumu kuliko baridi. Watu wa mabondeni hawazoei kubisha hodi bila kualikwa, na ukimya wao si chuki. Mlango unaofunguka kwa urahisi ni msaragambo wao: kufagia uwanja wa shule, kupaka rangi ukumbi, kuuza kahawa kwenye mashindano ya watoto. Jitokeze na reki mkononi. Mkishafanya kazi bega kwa bega mara mbili tatu, watakuita kwa jina dukani.

Naweza kupiga kura bila uraia?

Katika uchaguzi wa komuni na mkoa, ndiyo, ukiwa na miaka 18 na umeishi Norwei kihalali miaka mitatu mfululizo. Unaweza hata kugombea. Panapopiga kura watu elfu moja na ushei, familia chache zinaweza kuamua nani apate kiti cha mwisho. Uchaguzi wa Bunge ni wa raia pekee.

## Mambo yanayotokea mara chache

Nimeona kitu cha kale kwenye barafu. Nifanye nini?

Usikiondoe. Piga picha, chukua alama ya mahali kwenye simu, na uwaarifu wanaakiolojia wa mkoa wa Innlandet. Vitu vyote vya kabla ya mwaka 1537, na sarafu za kabla ya 1650, ni mali ya taifa kama hakuna mmiliki anayejulikana. Kitu kilichong'olewa bila kujulikana kilikuwa wapi kimepoteza nusu ya habari yake.

Nimemgonga mnyama barabarani usiku.

Washa taa za tahadhari, weka alama mahali, na piga polisi namba 02800 (au 112 kama kuna mtu ameumia). Komuni ina watu wa zamu wa kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa. Kuondoka bila kutoa taarifa ni kosa kisheria, hata kama mnyama amekimbia.

Mto ukifurika?

Hutokea. Mafuriko ya Julai 1789 ndiyo mabaya zaidi katika kumbukumbu za Gudbrandsdalen, na Oktoba 2018 mito ya Skjåk na Lom ilifurika tena na kuharibu barabara. Fuata tahadhari za varsom.no na matangazo ya komuni, na ukiambiwa uondoke, ondoka kwanza, maswali baadaye.

Nina kikao kizito na komuni na Kinorwei changu hakitoshi.

Omba mkalimani kabla ya siku ya kikao. Tangu 1 Januari 2022 sheria inazitaka ofisi za umma zitumie mkalimani mwenye sifa pale haki au huduma muhimu zinapohusika, na ofisi ndiyo inayolipa. Wakalimani wa Kiswahili wapo kwenye orodha ya taifa. Kwa Lom, mara nyingi itakuwa kwa simu au video, na hilo linakubalika. Mtoto wako hapaswi kukutafsiria, hata akiwa hodari kiasi gani. Ofisi ikimgeukia yeye, sema hapana, na uombe kikao kiahirishwe.